Tukiona Majani, Tuingie Wote

MAELEZO YA SHAHIDI

Posti ya Polisi ya Gasovu, upande wa Nyamitaba, Teritwari ya Masisi, Kivu Kaskazini
Ijumaa, tarehe 14 Oktoba 2022

Jina: Umwali Alliance
Umri: miaka ishirini na mitatu
Kazi: mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu, chuo kikuu mjini Goma, msemaji wa Kamati ya Vijana wa Milima Miwili
Makazi: Gasovu, kwa baba yake, mfugaji
Kuhusu: Esdras, mwana wa Munyakazi, fundi wa simu na redio, anayeshikiliwa tangu jana kwa tuhuma ya kupanga kuchoma na kuvamia malisho

Wanamapambano wenzangu mliojazana kwenye dirisha hili, wa kilima cha ng'ombe na wa kilima cha maharagwe. Na wewe, Papa Komanda Jean-Luc, unayeandika maneno yangu kwa mkono wako mwenyewe: nawasalimu nyote kwa jina la mapambano yetu moja, mapambano ya kujua. Nimeambiwa kwamba shahidi hahutubii. Nimekubali. Hata hivyo nimeomba salamu hii iandikwe, kwa sababu mtu aliyefungwa upande wa pili wa ukuta huu anaisikia, na yeye ndiye wa kwanza niliyekusudia kumsalimu.

Ninatoa maelezo haya kwa hiari yangu. Sikuitwa. Nimekuja kwa sababu maneno ambayo Esdras anashikiliwa kwayo aliyasema katika simu, na mtu aliyekuwa upande wa pili wa simu hiyo ni mimi. Kama ni kosa, ni kosa la watu wawili, na kasho, selo ya posti hii, ina nafasi.

Kwanza nieleze tulichokuwa tunatafuta. Kijana wa Gasovu anayesoma Goma anaporudi likizo, anarudi kama mtu aliyezibwa masikio. Simu inashika mahali pamoja tu, penye jiwe ambapo akina mama wanapanga madebe ya maziwa asubuhi. Mwanafunzi anayetaka kusoma somo lililotumwa na profesa anashuka mpaka barabara kuu. Mkulima anayetaka kujua bei ya maharagwe mjini anaambiwa na yule yule anayekuja kuyanunua. Nauliza, na ninaomba swali liandikwe kama swali: ni nani aliyeamua kwamba habari zisimame chini ya mlima, kisha sisi tuzifuate kwa miguu?

Kamati yetu iliamua kuleta rezo, yaani mtandao wa simu, hapa Gasovu. Wafugaji walitoa hangari la zamani la kukusanyia maziwa. Wakulima walitoa mbao, misumari na mikono yao. Parokia ya Nyamitaba ilikubali kutugawia mawimbi kutoka mnara wake. Esdras, ambaye nusu ya redio zinazosikika hapa zimepita mikononi mwake, alipewa kazi ya kuunganisha vyombo: anteni moja, betri ya pikipiki, na kisanduku cha rezo, ambacho ni kidogo kama kitabu cha nyimbo, chenye taa tatu mbele. Haya yote yalielezwa katika mkutano wa hadhara. Shangazi yangu, Mama Mukandori, hakuwa mkutanoni. Alikuwa njiani kuelekea Sake na maziwa yake, kama kila Jumatano. Hilo halikuwa kosa lake. Kosa ni letu, tuliodhani kwamba tukikitangaza kitu mara moja, kila mtu ameshakisikia.

Mnamo tarehe 13 Oktoba, siku ya Alhamisi, asubuhi, Esdras alinipigia simu akiwa amesimama kwenye jiwe la madebe, simu yake ikiwa kwenye spika. Mimi nilikuwa Nyamitaba, parokiani, nikiomba ufunguo wa mnara. Naeleza mazungumzo yetu kama yalivyokuwa, bila kuyapamba, kwa lugha tunayozungumza sisi wenyewe.

Esdras alisema: "Dada Alliance, kesho saa ine njo tunawakisha."

Nikamuuliza: "Uko na moto ya kutosha?"

Akasema: "Moto iko, naibeba mu kifuko. Sasa sikia. Tukiona nyekundu, tungoje. Tukiona majani, tuingie wote mara moja."

Nikamuuliza: "Na kama nyekundu inakatala kutoka?"

Akasema: "Tutasogeza kidogo kidogo mpaka itoke."

Nikacheka, nikakata simu. Naapa kwamba hapo sikusikia neno lolote baya. Nilisikia fundi anayejua kazi yake.

Papa Komanda, wewe ni mtu wa Kibua, kule Walikale, na kwenu ni mashamba na msitu. Huenda hujui namna masikio ya mfugaji wa Masisi yanavyofanya kazi, kwa hiyo nitayachukua maneno hayo moja moja.

Kuwakisha, kwetu, ni kuwasha jiko, taa, pikipiki, redio, na pia nyumba ya mtu. Neno ni hilo hilo. Moto ni moto wa kuni, na moto ni nguvu iliyomo ndani ya betri. Majani, kwa fundi, ni ufupi wa rangi ya majani, rangi ambayo kisanduku kinaionyesha kikishaipata njia. Kwa mwenye ng'ombe, majani ni malisho, na malisho ndiyo maisha yake yote. Kuingia, kwa mwanafunzi, ni kuingia kwenye rezo. Na nyekundu, ambayo kwa Esdras ni taa ya kusema "bado natafuta", Gasovu nzima inajua ni nini: ni ng'ombe wa Mama Mukandori. Wote ni uzao wa ng'ombe mmoja, Bihogo, wekundu wa kukolea, na hata watoto wanasema "nyekundu za Mukandori" bila kutaja neno ng'ombe.

Sasa mweke shangazi yangu nyuma ya jiwe lile, amejiinamia anafunga madebe kwa kamba ya mgomba. Anamsikia kijana wa kilima cha maharagwe, ambaye baba yake aligombana naye msimu uliopita kwa sababu ya ndama aliyeingia shambani. Anamsikia akisema: kesho saa ine tunawakisha. Moto iko mu kifuko. Tukiona nyekundu bado ziko pale, tungoje. Zikikatala kutoka, tutazisogeza kidogo kidogo. Tukiona majani matupu, tuingie wote.

Mwaka ule tulipokimbia vita, ua wa shangazi yangu ulichomwa, na hakuna aliyekuwa ametangulia kumwambia. Safari hii alidhani ametangulia kuambiwa. Aliacha madebe yake pale penye jiwe na kuja hapa posti. Maziwa yaliharibika. Simlaumu, na ninaomba neno hilo liandikwe: simlaumu.

Esdras alikamatwa mchana wa siku hiyo, njiani, akiwa na kifuko. Sikuwapo. Ninachosema hapa ni kile ambacho Komanda mwenyewe alinisomea leo asubuhi, mahojiano aliyoyaita ungamo.

"Ni wewe ulisema munawakisha kesho saa ine?"

"Njo mimi, Papa Komanda."

"Moto iko wapi?"

"Iko humu mu kifuko."

"Na mutaingia?"

"Watu yote. Hata wewe, ukipenda."

Komanda alidhani anatishiwa. Esdras alidhani anamkaribisha. Hakuna hata jibu moja la uongo katika ungamo lile, na ndiyo sababu lilikuwa la hatari kuliko uongo.

Baadaye polisi walifungua kifuko. Walikuta anteni, betri na kisanduku. Mmoja wao akaunganisha waya wa betri ili kuona ni kitu gani. Taa zote tatu ziliwaka kwa pamoja, zikazimika kwa pamoja, kisha moja nyekundu ikabaki ikiwakodolea macho. Komanda na polisi wawili walitoka nje kwa mwendo ambao Komanda ameniomba niuite utaratibu wa usalama. Nauita hivyo.

Habari zilinifikia jana jioni. Leo, Ijumaa, nilifika hapa asubuhi pamoja na vijana wa Kamati wa pande zote mbili, wale mnaowasikia dirishani. Nilimkuta Komanda mezani na shangazi yangu kwenye benchi. Kisanduku kilikuwa kimewekwa pembeni peke yake, kimefunikwa kwa beseni.

Komanda aliniambia: "Alliance, hii kitu yenu ilituangalia. Macho yote mara moja!"

Nikamjibu: "Papa Komanda, ilikuwa inaamuka. Kila ikiamuka inajipima kwanza: inawakisha taa yote ione kama hakuna yenye imekufa. Kisha inazizima, inaanza kutafuta njia. Ile nyekundu haikukuangalia wewe. Ilikuwa inatafuta Nyamitaba."

Shangazi akauliza, bila kuniangalia: "Ile sauti ya mwanamuke mu simu, ni ya nani?"

Nikasema: "Njo mimi, Shangazi."

Kisha akasema: "Nilisikia kuko mwanamuke anacheka. Sikujua ni kicheko ya nyumbani."

Niliketi kando yake kwenye benchi.

Kisha nikasimama na kudai haki ya mtuhumiwa. Nilisema kwamba hakuna sheria chini ya jua inayomfunga mtu kwa sababu ya rangi ya taa, na kwamba kama posti inataka kujua maana ya nyekundu na maana ya majani, ushahidi uko chini ya beseni. Kiwashwe hapa, mbele ya mlalamikaji, na aliyeshitakiwa akiwashe kwa mikono yake. Komanda alisema: "Na ikilipuka?" Nikasema: "Nitaketi karibu nayo." Shangazi akasema: "Huyu kichwa yake ni ngumu tangu kuzaliwa. Akiketi, na mimi naketi."

Esdras alitolewa kasho. Hakuwa na viatu, na kwa kuwa mkaba wake wa kiunoni ulikuwa umechukuliwa, alishika suruali kwa mkono mmoja na kujaribu kuunganisha waya kwa mkono mwingine. Komanda alimtazama kidogo, akamwambia polisi: "Mupatie mukaba yake. Kazi ya mikono mbili haifanywe na moja."

Aliunganisha anteni kwanza, kisha kisanduku, kisha betri, kwa utaratibu na bila haraka, akitaja kila kitu kwa sauti ili shangazi asikie. Taa tatu ziliwaka pamoja. Polisi mmoja alirudi nyuma hatua moja, wengine hapana. Zikazimika. Taa ya kwanza ikawaka rangi ya majani na kutulia. "Hii ni ya moto," Esdras alisema. "Inasema betri iko muzima." Taa ya katikati ikawaka nyekundu. "Hii njo ya njia. Sasa tungoje."

Tukangoja. Wanamapambano dirishani, ambao uvumilivu wao ninaujua, walianza kupiga makofi na kuimba: "Ma-ja-ni! Ma-ja-ni!" Shangazi aliruka kwenye benchi akashika kitambaa chake cha kichwa. Niliwafokea wanyamaze.

Nyekundu haikutoka. Esdras aliizungusha anteni mlangoni, akaipeleka dirishani, akaipandisha juu ya kabati. Nyekundu. Komanda alivuta kiti. Akasema: "Mutoto ya Munyakazi, saa hii naona tu ile nyekundu ya jana." Nilikiona kile alichokuwa anakiona: kisanduku kisipotoa rangi nyingine, maelezo yetu yote yanabaki hadithi, na Esdras anapelekwa Goma pamoja na ungamo lake.

Esdras alisema: "Papa Komanda, hapa haitaona. Mikaratusi ya nyuma ya posti inafunika munara ya Nyamitaba. Inaomba fasi ya juu."

Komanda akauliza: "Fasi gani?"

Esdras alitazama miguu yake. Juu ya mikaratusi ile kuna mahali pamoja tu palipo wazi, na kila mtu wa Gasovu anajua ni mali ya nani.

Shangazi yangu ndiye aliyesema. "Yaani mwisho ya mambo yote," alisema, "munataka kweli kuingia mu majani yangu."

Vijana dirishani walicheka, kisha wakaona kwamba yeye hacheki, wakaacha. Komanda alimwambia kwa heshima: "Mama, ni fasi yako. Siwezi kukulazimisha. Ukikatala, hakuna mutu atakuuliza."

Shangazi alimgeukia Esdras, mara ya kwanza tangu jana. "Wewe, kama ukiingia, utaniharibia?"

"Nitakanyaga tu, Mama. Sina hata viatu."

Nadhani miguu ile ndiyo iliyomshinda. Aliitazama, akasema kwamba kule juu kuna miiba karibu na lango, akaamuru polisi wamrudishie viatu. Polisi alimwangalia Komanda. Komanda akaitikia kwa kichwa. Ninaomba iandikwe kwamba katika posti hii, leo, amri ya kwanza ya kumrudishia Esdras alichonyang'anywa kwa ajili yake mwenyewe, si kwa ajili ya kazi, ilitolewa na mtu aliyemshitaki.

Tulipanda: shangazi mbele, Esdras na kifuko chake, Komanda, polisi mmoja, mimi, na nyuma yetu Kamati nzima. Shangazi aliondoa miti ya lango mmoja mmoja na kusema: "Ingieni. Wa mwisho afunge." Tukaingia wote. Ng'ombe waliinua vichwa, wekundu kweli kweli, wakatutazama, wakaendelea kula.

Esdras aliifunga anteni kwenye nguzo ya ua, upande ambao mnara wa parokia unaonekana kama kijiti. Akawasha upya. Taa tatu pamoja. Giza. Ya moto ikatulia. Ya njia ikawa nyekundu. Alianza kuigeuza anteni polepole, kwa ncha za vidole, na hakuna aliyeimba. Nyekundu ikaanza kupepesa. Akaacha kugeuza. Ikapepesa tena, ikazimika, na ilipowaka ilikuwa rangi ya majani.

Wengine walipiga kelele. Mimi nilikuwa namtazama shangazi. Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na kisanduku, akaweka mkono kukinga jua.

"Njo haya majani?"

"Njo haya, Mama," Esdras alisema.

"Ni kadogo hivi."

"Ndiyo, Mama."

"Nilifungisha mutu juu ya kitu kadogo hivi."

Esdras alimjibu: "Mama, hata mimi kama ningekuwa na ng'ombe, na nikajisikia mwenyewe mu simu, ningejikimbiza posti." Hapo shangazi alicheka, na alicheka kwa muda mrefu, mpaka akaketi chini katika malisho yake.

Watu waliingia wote mara moja, kama ilivyopangwa, yaani waliingia kwenye rezo. Simu zilianza kulia kila upande. Simu ya Komanda nayo ililia. Ilikuwa picha ya mjukuu wake, aliyezaliwa Kibua mwezi uliopita na ambaye hakuwa bado amemwona. Komanda aliuliza mbele yetu sote kama picha inaweza kukuzwa. Esdras alimwonyesha namna. Wakati huo, mtuhumiwa na aliyemkamata walikuwa wameinamia simu moja, na ninaomba hilo nalo liwe sehemu ya ushahidi.

Tumeshuka. Sasa tuko hapa, na limebaki jambo moja ambalo ndilo lililonifanya niketi kuyasema yote haya kwa urefu huu. Komanda, kwa moyo mwema, ameniambia kwamba ataandika: Esdras amesamehewa. Nakataa. Anayesamehewa ni aliyekosa. Neno hilo likibaki kwenye karatasi, siku nyingine, mbele ya komanda mwingine, litasomwa hivi: huyu aliwahi kupanga kuchoma, akahurumiwa. Tumepigania kuleta habari juu ya mlima huu; hatutakubali ya kwanza inayoandikwa hapa iwe ya uongo. Esdras alisema maneno matano ya kweli, na sisi hatukuwa na masikio ya kutosha. Basi iandikwe kwamba hana kosa. Shangazi yangu ameketi kando yangu, na anasema naye anataka neno hilo hilo.

Nimesema niliyoyasikia kwa sikio langu na niliyoyaona kwa macho yangu. Yale niliyosomewa nimesema kwamba nilisomewa. Nimesomewa maelezo yangu yote kwa sauti, na nimeyakubali. Hapa naweka mkono.

(Sahihi) Umwali Alliance

Maandishi ya afisa: Maelezo haya nimeyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, posti ya Gasovu. Shahidi ameongea kwa nguvu lakini bila matusi. Mlalamikaji, Mama Mukandori, ameondoa mashitaka yake na kuweka dole gumba. Ameongeza kwamba nguzo ya anteni inaweza kubaki katika malisho yake. Neno "amesamehewa", nililokuwa nimeandika kwanza, nimelifuta kwa mstari mmoja na kuweka sahihi yangu pembeni. Isomwe hivi: Esdras, mwana wa Munyakazi, ameachiliwa leo kwa sababu hana kosa. Kisanduku, anteni na betri amerudishiwa, vyote vikiwa vizima.

Kwa ombi la shahidi, ambaye nimemweleza kwamba tangazo si sehemu ya maelezo na ambaye hakukubali: Kamati ya Vijana wa Milima Miwili itakutana Jumapili hii, tarehe 16 Oktoba, saa nane mchana, katika hangari la maziwa. Safari hii kila neno litaelezwa mara mbili.

(Sahihi) Jean-Luc, Komanda wa posti